Dirisha ni la Gemu, Foleni ni Yetu

Kuna uandishi ambao vijana wa hapa Nakivale wanaufanya karibu kila siku na hakuna mtu anayeuita uandishi. Watu saba, wakati mwingine kumi, wanaingia kwenye grupu moja la WhatsApp. Kila mmoja anachagua mhusika wake: jina, umri, anatoka wapi, anaogopa nini. Halafu wanaandika hadithi moja kwa zamu. Wewe unaandika mtu wako anafanya nini na anasema nini, mimi naandika wa kwangu, wa tatu anatujibu. Hakuna anayejua mwisho. Wenyewe wanaita "kuingia". Utasikia, "Leo unaingia?" Wazazi wanaita kumaliza bando.

Mimi nafanya kazi na vijana na hizi hadithi nazisoma karibu zote. Nataka niziongelee hapa kama tunavyoongelea mashairi na insha katika kurasa hizi: nini kimekaa vizuri, nini kibovu, na kwa nini tujali. Maana naona watu wazima wako makundi mawili. Kundi moja linasema ni upuuzi. La pili linasema ni dawa ya kiwewe, eti watoto wanatoa uchungu. Yote mawili yanasema bila kusoma.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1974 kule Marekani ulitoka mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ambapo watu wanakaa mezani na kila mmoja anakuwa mhusika katika hadithi moja. Mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kutengeneza MUD, mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu, bila picha hata moja. Unaandika, mwenzako anasoma, anaandika. Kwa hiyo maandishi na gemu ni ndugu wa siku nyingi, si kwamba gemu limekuja kuua kusoma.

Na sisi huku tuna ukoo wetu wa jambo hili. Nani hapa hajakaa kwenye kibanda cha sinema akamsikiliza VJ? Filamu ni ya Kichina au ya Marekani, lakini mtu wa Kampala anasema juu yake kwa Kiganda, anawapa wahusika majina mapya, anaweka utani ambao mwenye filamu hakuuota. Kenya wana DJ Afro anayefanya hivyo kwa Kiswahili. Watu wetu hawajawahi kuangalia kimya kitu cha watu. Wanakichukua, wanakisemea. Vijana wanafanya hivyo hivyo kwa magemu.

Gemu la kwanza walilolisemea lilikuwa GTA: San Andreas. Limetoka 2004, la simu likaja 2013, na mpaka leo halijafa, kila simu ya vijana imewahi kulibeba. Carl Johnson anarudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa, anakuta mtaa wao umeharibika. Kumbukeni hilo: ni hadithi ya mtu anayerudi kwao. Lakini vijana hawakuchukua kurudi. Walichukua bunduki na magari. Hadithi zao za wakati ule, niseme ukweli, zilikuwa zinachosha. Kila mhusika ni bosi, kila bosi ana majina mawili ya Kimarekani, kila jioni watu watano wanakufa na kesho yake wanafufuka. Wahusika wa kike walikuwa wawili tu, wote dada wa mtu fulani, na wote walitekwa. Lugha yenyewe ilikuwa ya kuazima. Mtu anayesema Kiswahili cha Uvira kitamu kabisa akiwa kisimani, akiingia kwenye hadithi anaanza kuongea kama filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Lakini ndani ya fujo ile walijifunza sheria moja, na hiyo sheria ndiyo sababu ya insha hii. Hairuhusiwi kumwamulia mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika, *ananyanyua ngumi kumpiga Deo*. Huwezi kuandika, *anampiga Deo na Deo anaanguka*. Kama Deo ataanguka, atainama, au atashika ule mkono, ni mwenye Deo anayeandika. Anayevunja sheria hii wanamwambia "umejifanya Mungu", na sentensi yake inafutwa. Wachezaji wa dunia nzima wana sheria kama hii, haijatungwa Nakivale. Lakini nadhani Nakivale inasikika tofauti. Sisi ni watu ambao sentensi zetu nyingi zimeandikwa na wengine. Mtu ameandika uko familia ya watu wangapi. Mtu ameandika unatoka kijiji gani, akakosea herufi, na sasa hiyo herufi ndiyo kijiji chako. Kijana wa miaka kumi na sita anayemwambia mwenzake, "Huyu ni wangu, usimmalizie sentensi," amesema kitu kikubwa, hata kama alikuwa anaongea kuhusu jambazi wa Los Santos.

Mabadiliko yalikuja na gemu dogo linaloitwa Papers, Please. Lilitengenezwa na Lucas Pope likatoka 2013, na toka 2022 linapatikana kwenye simu. Picha zake ni mbaya kwa makusudi, rangi ya majivu na matope. Nchi ni ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982, na wewe ni ofisa wa mpaka. Umepewa kazi kwa bahati nasibu. Unakaa kwenye kibanda, watu wanakuja dirishani mmoja mmoja, unalinganisha makaratasi: picha na sura, tarehe na tarehe, mhuri na mhuri. Kijani anapita, nyekundu anarudi. Unalipwa kwa kila mtu uliyempima sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo, kuanzia la tatu unakatwa pesa. Jioni unahesabu: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa ya mtoto. Na kila asubuhi sheria zimebadilika. Jana pasipoti ilitosha, leo wanataka kibali, kesho kibali na kitambulisho.

Simu moja ilikuwa nalo, ikazunguka mkono kwa mkono, mimi nikiwatafsiria Kiingereza pale kinapowakwama. Nilitegemea wangelichukia. Kumbe walicheka. Walimcheka hasa yule mzee Jorji, ambaye anakuja mara ya kwanza bila pasipoti, halafu anarudi na pasipoti aliyoichora mwenyewe kwa mkono, ya nchi isiyokuwepo. Kila mtu hapa anamjua Jorji wake. Baadaye walinyamaza, siku ile mume alipopita na makaratasi safi akaomba, mke wangu yuko nyuma yangu, mwoneeni huruma. Mke akafika, kibali hana. Gemu halikuambii ufanye nini. Linakuonyesha bei tu.

Ubora wa gemu hili uko hapo. Halisemi kwamba ofisa ni mbaya. Linakuweka kwenye kiti chake, linakupa mtoto anayeumwa, halafu linangoja uanze mwenyewe kufurahi ukiona kosa kwenye karatasi ya mtu, kwa sababu kosa linarahisisha kazi. Vijana watatu waliniambia kwa nyakati tofauti kwamba walishtuka walivyofurahi. Hakuna semina yangu yoyote iliyowahi kufika hapo.

Udhaifu wake nao uko pale pale. Gemu lina macho ya dirisha tu. Watu wanaongoja nje ni vivuli vyeusi vidogo kwenye mstari mrefu juu ya kioo, hawana sura mpaka wafike mbele yako. Wakifika wana sentensi mbili tatu. Wakikataliwa wanageuka, wanaondoka, na gemu haliulizi wanalala wapi. Mtu aliyelala kwenye foleni anajua kwamba foleni ndiyo habari yenyewe na dirisha ni dakika tano za mwisho. Lucas Pope ameandika zile dakika tano vizuri kupita kiasi. Saa zilizobaki hakuziandika.

Vijana waliziandika. Waliacha Los Santos wakaanzisha hadithi mpya, mpaka wa kubuni kati ya nchi mbili za kubuni. Msichana mmoja wa miaka kumi na sita akachukua uofisa. Wengine wote wakawa foleni. Naweka hapa kipande, kwa ruhusa yao, kama kilivyoandikwa. Nyota ni kitendo, mabano mawili ni mwandishi akiongea nje ya mhusika wake.

*Anaweka makaratasi dirishani. Moja imelowa.*
Afande, hii ilinyeshewa, lakini jina linaonekana.
*Anaipeleka kwenye mwanga.* Hapa naona tarehe mbili za kuzaliwa.
Mama alisema moja, shule ikaandika ingine.
Sasa wewe ulizaliwa lini?
Nilizaliwa wakati wa kuvuna mihogo, afande. Mama anakumbuka hiyo tu.
((Nisubirini. Sijui nifanye nini.))

Hapo msichana alinyamaza siku mbili. Mhuri haukupigwa. Kwenye gemu huwezi kufanya hivyo, saa inakimbia, jioni inafika, mtoto anataka dawa. Katika maandishi inawezekana, na ukimya wake ukawa sehemu ya hadithi. Maana watu wa foleni, walipoona dirisha limenyamaza, walianza kuishi. Mmoja akaandika, *anakaa juu ya jerikani, anavua kiatu kimoja*. Mwingine akaanza kuuza mahindi ya kuchoma. Wa tatu akamuuliza wa nne kama ni mtoto wa fulani, kwa sababu ana pua yao. Mama mmoja wa kubuni akaomba alindiwe nafasi aende msalani, na ikatokea kesi kubwa, aliporudi nafasi ilikuwa imeliwa. Jumbe sitini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyefika dirishani. Nimesoma habari nyingi zilizoandikwa juu yetu na watu waliokuja na gari. Sijasoma nyingine yenye foleni ya kweli kama hii.

Angalieni pia lugha. Hakuna aliyewaambia waandike kikwao, lakini mara walipokaa kwenye foleni, Kimarekani kilianguka chenyewe. Yule wa mahindi anaongea Kiswahili cha Bujumbura, mwenye jerikani anaongea cha Bukavu, "siko na kartasi ingine, chef", na ofisa anaongea cha shuleni, kigumu, cha kusimama wima. Msichana hakufundishwa hilo. Amesikia maisha yake yote kwamba dirisha lina Kiswahili chake.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. Nina malalamiko matatu kama msomaji.

La kwanza, bado wanataka kushinda. Gemu linafundisha kwamba kuna ngazi na juu ya ngazi kuna zawadi, na zawadi ya hadithi za hapa siku zote ni ndege. Mhusika akipata ndege ya kwenda nchi ya tatu, hadithi yake imeisha, anatoka kwa shangwe, watu wanatuma makofi. Kwa nini iishe hapo? Papers, Please lenyewe lina miisho ishirini, na mmoja wapo ni ofisa anayeiba pasipoti za watu, anazigeuza za familia yake, anakimbilia Obristan. Yule aliyekuwa na mhuri anasimama mbele ya dirisha la mwingine. Huo ndio mwisho mkali kuliko yote kwenye gemu lile, na hauna makofi. Ningependa siku moja ofisa wetu atoke kwenye kibanda, afike mwisho wa foleni, aulize nani wa mwisho.

La pili, hawajui kuandika usiku. Hapa wangejifunza kwa gemu lingine, This War of Mine, la kampuni ya Poland iitwayo 11 bit studios, la 2014, lililotokana na kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo. Humo wewe si askari, ni raia ndani ya nyumba iliyotobolewa. Mchana unatengeneza jiko na kitanda, usiku unatoka kutafuta, na unaweza kufika kwenye nyumba ya wazee wawili ambao wana chakula na hawana nguvu ya kukuzuia. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliweka kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa shule za sekondari. Serikali imeona gemu linasomeka kama kitabu. Nini linajua ambacho vijana wetu hawajakishika? Linajua kwamba mtu mwema anaiba na kesho yake hawezi kuamka. Wahusika wa foleni yetu wote ni wasafi. Hakuna aliyeacha mtu njiani. Naelewa kwa nini, lakini foleni ya wasafi watupu haiaminiki.

La tatu ni la wasichana. Wameongezeka, ofisa ni msichana, sawa. Lakini wahusika wa kike kwenye foleni bado wanaombwa kulinda mizigo ya watu. Nimehesabu mara nne.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Mama mmoja alinifuata jioni, simu ya mwanawe mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, huyu ameandika baba yake alikuwa askari akatoroka na silaha. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mungu amrehemu. Sasa hii ikisomwa na mtu wa ofisi?" Nikamwambia, mama, ni hadithi, huyo si baba yake, ni baba wa mhusika. Akanijibu, "Wewe unajua. Karatasi haijui."

Mama yule ana haki. Sisi tunaishi kwenye mahojiano. Unasema habari yako mara moja, halafu baada ya miaka unaulizwa tena, na inatakiwa iwe ile ile, mwezi ule ule, njia ile ile. Ikibadilika wanasema umedanganya. Watoto wanakua wakijua kwamba habari ya familia ni kitu cha kukariri, kinachokaa kwenye bahasha ya plastiki pamoja na kadi ya chakula. Halafu jioni hao hao wanafungua simu na kubuni baba watano. Ndiyo maana wazazi wanaogopa, na ndiyo maana watoto wanapenda. Hapo ndipo mahali pekee ambapo habari inaruhusiwa kubadilika bila mtu kuitwa mwongo.

Tulikaa na vijana, na mama yule tukamwalika. Grupu sasa lina maneno yaliyobandikwa juu, kwamba kila kitu ni cha kubuni. Nchi ni za kubuni, vijiji ni vya kubuni, hakuna jina la mtu wa ukoo wako, hakuna kupiga picha ya kioo na kuituma nje bila ruhusa ya wote. Kuna waliolalamika kwamba hadithi itapoa. Haikupoa. Mipaka ya kubuni iliwabana wakabuni zaidi: mmoja alitunga nchi ambayo pasipoti zake zinaandikwa nyuma ya majani ya migomba, na sheria yake ya kuzikagua kabla hazijakauka.

Kwa sababu hiyo hiyo nilimkatalia mgeni mmoja aliyetaka hizi hadithi zikusanywe kama ushuhuda wa mateso ya watoto. Alikuwa na nia njema na daftari zuri. Lakini ukiita foleni ile ushuhuda, umemmalizia yule wa jerikani sentensi yake. Umejifanya Mungu. Yeye alivua kiatu kwa sababu mwandishi wake alitaka tuone kiatu, na kazi yetu wasomaji ni kuuliza kwa nini kimoja tu.

Kuna wanaoniuliza kazi hii itawafikisha wapi. Wanapouliza hivyo namtaja Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia Sudan Kusini, akazaliwa njiani, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia kompyuta. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu la amani liitwalo Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Wazazi wanapenda sana habari hiyo. Mimi naipenda pia, ila nawaambia sehemu ninayoipenda si tuzo. Ni kwamba mama yule alinunua kompyuta kabla hajajua itafanya nini.

Lakini hata asingetokea Mayen mwingine, ningesema hizi hadithi zisomwe. Wazazi, ombeni ruhusa kwa watoto, someni foleni ile toka mwanzo, mtacheka na mtamtambua jirani yenu. Vijana, ongezeni usiku, ongezeni aliyeiba, wapeni wanawake mizigo yao wenyewe. Na ofisa wetu, kwa taarifa ya wanaouliza, alirudi baada ya zile siku mbili. Hakupiga kijani wala nyekundu. Aliandika, *anaigeuza karatasi upande wa pili, anatafuta kalamu, anaandika: mihogo*. Foleni nzima ililipuka, wengine wakasema haiwezekani, hakuna mhuri kama huo. Wanabishana mpaka leo kama yule mtu amepita au hajapita.